Kilichozima Mashine Namba Saba

Jumapili, 27 Aprili

Kesho shule inafunguliwa na mgongo wangu umekataa kunyooka. Siku tatu nimekuwa peke yangu kwenye maabara ya kompyuta, bisibisi mkononi na leso mdomoni, nikifungua mashine moja moja. Kumi na sita zote. Vumbi la Rongai lina tabia yake: linakuja na maganda ya mahindi na makapi ya ngano, linajisokota ndani ya feni kama kiota. Nimelitoa lote, nikapangusa, nikapaka prosesa, ule ubongo wa mashine, dawa mpya ya kupitisha joto, nikafunga. Mwalimu mkuu, Bwana Kamande, alisema shule haina haja ya fundi maadamu Madam Nangila yupo. Alidhani ananisifu. Nilichukia, lakini nikakubali, kwa sababu ni kweli: kutoka hapa mpaka Nakuru mjini sijaona fundi wa kunifundisha kitu.

Ndugu yangu Sitati amenipigia tena nikiwa katikati ya kazi. Anataka Baba atoke Bungoma aje akae na mimi, eti kwa sababu sina mume wala watoto, kwa hivyo sina shughuli. Nimemjibu vibaya. Hana haya.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Stima ilipotea saa mbili asubuhi, ikarudi saa nane. Sikufundisha.

Ijumaa, 9 Mei

Watahiniwa wangu wa kidato cha nne ni kumi na wanne. Kila mmoja ana mashine yake, maana kila mmoja lazima atengeneze mradi wake mwenyewe kwenye kompyuta na aukamilishe kabla ya katikati ya Julai. Alama zake zinaingia kwenye mtihani wa mwisho. Asiyewasilisha mradi, somo hilo amelizika.

Leo mashine namba saba imezima yenyewe mara mbili. Si stima, maana zile nyingine ziliendelea kuwaka. Ilizima tu, kimya, kama mtu aliyekatizwa maneno. Anayeitumia ni Valarie, msichana mrefu asiyependa maneno, ambaye mama yake anakamua ng'ombe kwenye shamba moja kubwa nje ya mji.

"Madam, imezima."

"Angalia miguu yako. Unakanyaga waya."

Akaangalia miguu yake. Ilikuwa chini ya kiti, imepangwa kama ya mtu aliye kanisani.

Jumanne, 13 Mei

Imezima tena. Valarie tena. Nimebadilisha waya wa stima nikampa wa mashine namba tatu.

Jumatano, 14 Mei

Imezima na huo waya wa namba tatu. Namba tatu inafanya kazi vizuri na waya wa namba saba. Kwa hivyo si waya.

Nimeanza kuandika kwenye daftari: siku, saa, nani alikuwa ameketi, alikuwa akifanya nini. Nawaambia wanafunzi kila mwaka kwamba hitilafu haitafutwi kwa kukisia, inatafutwa kwa kuandika. Basi na mimi naandika.

Jumatatu, 19 Mei

Nimehamisha namba saba kutoka kwenye soketi ya dirishani. Nimefuta kila kitu kisichohitajika, nikaweka Windows upya, nimetoka shule saa kumi na mbili. Nilihifadhi kazi ya Valarie kwanza. Mradi wake ni mfumo wa kliniki ya mifugo. Wenzake wamechukua vitu vya kwenye kitabu, duka la dawa, maktaba, hoteli. Yeye ameenda shamba hadi shamba na simu ya mama yake akapiga picha ng'ombe arobaini na wawili, kila mmoja na jina lake, siku ya chanjo yake na ugonjwa aliowahi kuugua. Kuna mmoja anaitwa Mheshimiwa. Nilicheka peke yangu.

Jumanne, 20 Mei

Dakika ya ishirini na tano ya kipindi, imezima.

Alhamisi, 22 Mei

Mara mbili leo. Nimechoka na hii mashine, nimechoka na mvua, nimechoka na mlango wa maabara unaovimba usifungike. Valarie aliniomba ruhusa ya kuhifadhi kazi yake kwenye flash.

"Unajua sheria ya maabara," nikamwambia.

"Najua, Madam. Lakini ikizima nikiwa naandika, nafungua nakuta imepungua."

"Flash moja ilituua na virusi mwaka juzi. Hapana."

Akarudi kiti chake. Owuor, yule wa namba nane ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema kwa sauti, "Huyo ana mkosi, Madam. Hata simu akishika inazima." Darasa zima likacheka. Sikuwanyamazisha. Nilikuwa nimemkasirikia na mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimesoma daftari langu kutoka juu hadi chini. Mara kumi. Valarie ameketi hapo mara nane. Mara mbili zile nyingine alikuwa Adero, aliyeazima mashine siku Valarie alipoenda kwa daktari wa meno. Lakini Adero ni rafiki yake na walikuwa wakinong'onezana asubuhi ile kabla Valarie hajaondoka.

Ni nini msichana huyu anafanya? Anagonga kibodi kwa nguvu, hilo nimeliona. Mashine ikichelewa anashika kona ya meza na kukunja uso. Nimemuuliza mbele ya wenzake kama anaipiga teke. Akasema hapana. Nikamwambia hasira yake ndiyo inaua mashine ya shule, ajifunze kuizuia. Akanitazama mpaka nikageuka kuandika ubaoni kitu ambacho sikuwa nimepanga kuandika.

Jumanne, 27 Mei

Mara ya kumi na moja. Ya tisa kwa Valarie. Safari hii faili ya mradi imekataa kufunguka. Nakala niliyohifadhi mimi ni ya tarehe kumi na tisa. Kazi yote ya baada ya hapo imekwenda. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatano, 28 Mei



Wageni walikuja kutoka ofisi ya elimu ya kaunti. Bwana Kamande aliwaleta moja kwa moja kwenye maabara, maana ndiyo fahari yake. Lazima nimpe haki yake: mashine hizi aliziomba mwenyewe, akipita lango kwa lango kule Milimani, Nakuru, akiwauliza watu wenye ofisi kama wana kompyuta wanazotaka kutupa. Akasimama nyuma ya Valarie. Alimchagua kwa sababu ya wale ng'ombe. "Waonyeshe wageni," akamwambia.

Valarie akafungua picha, moja, mbili, sita. Wageni wakainama. Mmoja akauliza kama anaweza kuziona zote kwa pamoja, kisha zichapishwe. Valarie akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi.

Bwana Kamande akacheka kile kicheko chake cha wageni. "Washa tena." Akawasha. Ilikataa kwanza, kisha ikawaka. Wageni wakawa wameshaangalia saa zao. Ndipo Valarie alipoinuka, akapiga meza kwa kiganja, akasema:

"Si mimi! Kila siku naambiwa ni mimi! Muulizeni Madam, yeye ameandika kila kitu!"

Wote wakanigeukia. Na mimi nilikuwa nimelishika lile daftari.

Wageni walipoondoka Bwana Kamande aliniita ofisini. "Nipe hilo daftari." Nikampa. Akapitisha kidole kwenye safu ya majina. Valarie, Valarie, Valarie, Adero, Adero, Valarie. "Madam, mbona hukuniambia? Huyu anaharibu mali ya shule na wewe una ushahidi." Nikasema sina hakika. Akasema, "Mara tisa kati ya kumi na moja, na huna hakika? Wewe ni mwalimu wa hesabu pia, sivyo?"

Ni mimi niliyetaipu barua ya kumsimamisha masomo. Wiki tatu nyumbani, kwa kuharibu mali ya shule na kumkosea heshima mwalimu mkuu mbele ya wageni. Na asiguse tena maabara, maana yake hakuna mradi. Niliandika ile hesabu mwenyewe, tisa kati ya kumi na moja. Nilijiambia hesabu haina upendeleo.

Alhamisi, 29 Mei

Mama yake, Wanjugu, alikuja na gambuti za shambani, zimeoshwa lakini bado zinanukia maziwa. Alisimama mlangoni kwa mwalimu mkuu mpaka akaambiwa mara mbili aketi. Alisikiliza barua yote ikisomwa. Kisha akanigeukia mimi, si mwalimu mkuu.

"Mwalimu, huyu mtoto hata kikombe hajawahi kuvunja."

Nikamwonyesha daftari. Sijui kwa nini nilimwonyesha. Aliliangalia kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya eksirei, akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Nyinyi ndio mnajua." Akamshika binti yake mkono wakaenda.

Jumatano, 4 Juni

Namba saba haijazima tangu Valarie aondoke. Siku nne za masomo. Nimemhamishia Owuor hapo, maana kibodi yake imekufa. Bwana Kamande alichungulia dirishani akaninyooshea kidole gumba. "Umeona?"

Nimeona. Nilipaswa kufurahi. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Jumanne, 10 Juni

Owuor anataipu kwa vidole viwili na kati ya herufi na herufi anapiga stori. Kazi yake ya wiki nzima ni ukurasa mmoja na nusu. Leo nilimlazimisha aweke picha za bidhaa kwenye mradi wake wa duka na azichapishe zote nikimwona.

Imezima mikononi mwake.

"Aaah, Madam! Mimi sijafanya kitu! Wallahi sijaigusa!"

Huyu ni mtoto wa kanisa, hajui hata wallahi ni nini. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Kelele zake hizo, "sijafanya kitu", nilizisikia nikaziamini papo hapo. Hakuna aliyemwambia aangalie miguu yake.

Jumatano, 11 Juni

Sikwenda chakula cha mchana. Nilifunga mlango kwa nguvu za bega nikaketi mimi mwenyewe kwenye namba saba. Nikiandika barua tu, saa nzima, haina neno. Nikafungua kliniki ya Valarie, ile nakala ya tarehe kumi na tisa, ng'ombe wote arobaini na wawili kwa pamoja: dakika kumi na moja, giza. Nikaiacha ipumzike. Nikafungua tena: dakika tisa. Nikajaribu papo hapo bila kuipumzisha: dakika tatu.

Basi mashine hii haimjui Valarie wala Owuor. Inamzimia yeyote anayeifanyisha kazi. Na katika darasa hili aliyeifanyisha kazi ni mmoja tu. Siku Adero alipoiazima, nimekumbuka sasa, alikuwa anachapisha mabango ya tamasha. Yote yamo kwenye daftari, kwenye safu ya "alikuwa akifanya nini", kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilisoma safu ya majina tu.

Itakuwa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa stima ndani ya mashine. Imezeeka, haistahimili mzigo. Ndani sina haja ya kuangalia, Aprili niliiacha safi kama sahani. Jumamosi naipeleka mjini kwa Kihara, ana chombo cha kupima.

Jumamosi, 14 Juni

Duka la Kihara liko ghorofa ya pili, nyuma ya wauzaji wa mitumba. Ni mzee mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Nilimwambia, "Nipimie pawa saplai, iko karibu kufa." Akasema, "Ngoja tusizike mtu kabla hajaugua."

Hakupima chochote kwanza. Aliiwasha akaingia kwenye ule ukurasa wa mwanzo unaoonyesha hali ya mashine, akaelekeza kidole kwenye namba moja. Joto la prosesa. Sabini na nne, na hakukuwa na programu hata moja iliyofunguliwa. Tukiwa tunatazama ikawa themanini. Themanini na tisa. Tisini na sita. Ikazima.

"Ticha, hii haifi. Inajiokoa. Ikiona inaungua inajizima kabla haijayeyuka."

Akafungua ubavu. Juu ya prosesa kunakaa kipande cha chuma chenye mapezi, na juu yake feni. Kazi yake ni kunyonya joto. Kimesimama kwa miguu minne ya plastiki ambayo lazima ibonyezwe mpaka ilie. Kihara alikigusa kwa kidole kimoja. Kikacheza kama jino la mtoto; mtikisiko wa safari ulikuwa umekilegeza zaidi. Miguu mitatu ilikuwa imeingia. Wa nne ulikuwa umekaa juu ya tundu lake, haujawahi kuingia. Chuma kilikuwa kimeinuka upande mmoja, hakigusani na prosesa hata kidogo upande ule, na dawa niliyopaka ilikuwa imekauka ikiwa na alama ya mwezi mwandamo.

"Nani alifungua hii mara ya mwisho?"

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Sijui. Fundi fulani wa huko Rongai."

"Alikuwa na haraka," Kihara akasema, bila ubaya wowote. Akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Ulilia mara moja, tak. Aliipangusa, akapaka dawa mpya, akaifunga, akafungua ng'ombe wote arobaini na wawili. Tulikaa saa moja na nusu tukizungumza habari za mvua. Joto halikupita hamsini na tano.

Namba saba ilikuwa ya saba. Nakumbuka sasa. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega, Sitati anasema sina shughuli, na mimi nabonyeza miguu ile huku nikimtukana. Moja, mbili, tatu. Nikafunga.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimemkasirikia Sitati kwa kupiga simu. Nimemkasirikia Kamande kwa kutoita fundi. Nimemkasirikia Owuor na mdomo wake. Nikamaliza watu wote, nikabaki mimi, na pale nikapata hasira ya kweli. Kosa la mguu mmoja wa plastiki ningelisamehe. Mkono huteleza. Lakini nilikaa mwezi mzima nikibadilisha waya, soketi, Windows, nikabadilisha hata tabia ya mtoto wa watu, na mahali pekee ambapo sikutazama ni pale niliposhika mimi. Halafu nikamdanganya mzee ambaye hakuniuliza kwa ubaya.

Jumatatu, 16 Juni

Nilimweleza Bwana Kamande yote. Alisikiliza akichezea kifuniko cha kalamu.

"Mashine imepona?"

"Imepona."

"Basi limeisha. Keshokutwa adhabu yake inakwisha, atarudi kimya kimya. Wazazi tutawaambia mashine ilikuwa na hitilafu."

"Hitilafu ni mimi, Mwalimu. Na mradi wake?"

"Kompyuta si somo la lazima. Ana mengine saba."

"Ana wiki nne. Nipe mimi hizo wiki nne. Na nitasema paredi, mbele ya shule nzima, kama adhabu yake ilivyotangazwa hapo."

Akaweka kalamu chini. "Madam Nangila, ukisimama pale useme shule ilimfukuza mtoto bure, unajua simu itapigwa kwa nani? Haitapigwa kwako. Mimi nimebakisha mwaka mmoja na miezi miwili nistaafu." Na uso wake, ambao muhula mzima nimeuona wa jiwe, ulikuwa wa mtu anayeogopa. Nilimwelewa. Hilo halikupunguza hasira yangu. Liliiondolea raha tu.

"Sahihi kwenye barua ni yangu na yako," nikamwambia. "Nitataja yangu."

Jumanne, 17 Juni

Nilifika shambani saa kumi, saa ya kukamua. Wanjugu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Valarie alikuwa anasugua mikebe ya maziwa kwa majivu.

"Karibu, Mwalimu. Kuna mabaya mengine?"

Nilizungumza nikiwa nimesimama, nimevua viatu vya kazi nimevaa kandambili, tope limenifika kifundoni. Nilisema ni mimi niliyefunga mashine vibaya, na kwamba Valarie hakuharibu kitu. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo, kisha yakaacha kulia.

"Kwa hivyo alisema kweli."

"Ndiyo."

"Na mimi nilimpiga." Hakuinua sauti. "Siku ile tuliporudi. Hajapigwa tangu awe darasa la tano. Alikuwa anasema, Mama si mimi, na mimi nampiga kwa sababu mwalimu ameandika kwenye kitabu."

Valarie aliweka mkebe chini akaja mpaka mbele yangu. Ana urefu wa kunitazama kutoka juu.

"Mara ya kwanza ulisema ni miguu yangu," akasema. "Halafu ukasema ni hasira yangu. Nilikuomba flash ukakataa. Mwishowe nilikuwa naangalia mikono yangu usiku, Madam, nikijiuliza labda kweli iko na kitu."

"Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Mimi nataka mashine."

Jumatano, 18 Juni

Nimesema, paredi, mvua ikinyunya, wanafunzi mia nne. Nilisema jina langu kamili, nilichokifanya, na kwamba barua ile ilikuwa ya uongo na niliitaipu mimi. Nilitegemea vicheko. Hakuna aliyecheka. Kisha Owuor, ambaye sikumtuma, akasema kutoka mstari wa nyuma, "Pole, Val." Valarie hakugeuka.

Saa sita Bwana Kamande alinipa barua ya onyo, imeandikwa kwa mkono wake kwa sababu hakuna wa kuitaipu. Ipokee, akasema, na usinijibu. Nimeipokea.

Jumatatu, 23 Juni

Kila siku baada ya masomo mpaka saa kumi na mbili na nusu. Ameanza karibu upya. Hazungumzi na mimi ila kuuliza kitu. Flash yake iko kwenye mashine muda wote, nimeondoa ile sheria. Namba saba haijazima.

Alhamisi, 26 Juni

Mimi ni mtu wa kukasirika na leo nimekasirishwa na ukimya wake. Nilimletea chai, akaiacha ikapoa. Nilipofika nyumbani nikajiuliza nilitaka chai ile inunue nini.

Ijumaa, 4 Julai

Ng'ombe wote wamerudi. Ameongeza sita.

Ijumaa, 11 Julai

Ripoti za mradi zinafungwa leo, kila moja na sahihi yangu na muhuri wa mwalimu mkuu, ziende kwa watahini. Saa nne Bwana Kamande akaniita. Alikuwa ameifungua ya Valarie ukurasa wa tisa, pale ambapo mtahiniwa anaeleza matatizo aliyokutana nayo. Wenzake wameandika stima kupotea na muda kuwa mfupi. Yeye ameandika kwa Kiingereza chake kilichonyooka, na kwa Kiswahili kinasema hivi:

"Mashine ilizima mara tisa nikiitumia. Mwalimu wangu aliamini ni mimi. Sababu ilikuwa kipoza joto ambacho mwalimu alikifunga vibaya. Nilipoteza wiki tatu za masomo na kazi ya siku nane. Suluhisho: mwalimu alikubali kosa, mashine ikatengenezwa, nikaanza tena."

"Mwambie aitoe," Bwana Kamande akasema. "Hii inakwenda nje ya shule. Ina jina lako juu."

"Sehemu hii inauliza matatizo, naye amejibu."

"Nangila." Hajawahi kuniita hivyo. "Wakikuandama, mimi siwezi kukusaidia."

"Najua."

Akavuta ule muhuri, akaupulizia, akagonga kwa nguvu iliyoitikisa meza, akanisukumia karatasi bila kuniangalia tena.

Nikaipeleka maabara. Valarie alikuwa amesimama kando ya namba saba, mkoba begani, anasubiri.

"Umesoma ukurasa wa tisa?" akauliza.

"Nimesoma. Kuna kosa."

Uso wake ukakunjamana. Niliona ile hasira niliyomlaumu nayo mwezi Mei, na safari hii niliona ilikuwa na haki ya kuwepo.

"Umeandika mara tisa," nikasema. "Hiyo ni hesabu ya barua yangu. Ile ya mbele ya wageni sikuiandika. Ni mara kumi."

Akavua mkoba, akaketi, akafungua ripoti, akafuta neno moja akaandika jingine, akachapisha ukurasa upya. Nikaenda na ule ukurasa ofisini, nikarudi nao umegongwa muhuri, nikatia sahihi chini yake. Aliusoma tena wote, polepole, mpaka kwenye jina langu. Ndipo akaniruhusu nifunge bahasha.